Njia Inayopita kwenye Pipa

Mama mkwe alianguka mara ya pili siku ya Jumanne, kwenye tope lile lile la mara ya kwanza, na safari hii aliinuka na kifundo cha mkono kimevimba kama kimetiwa pampu. Mfupa haukuvunjika. Kilichovunjika ni subira ya binti yake. Alipiga simu kutoka mjini jioni hiyo hiyo, hakusalimia, akasema mwisho wa mwezi anakuja na sanduku tupu, na akiondoka sanduku hilo litakuwa limejaa nguo za mama yake. Kwake, ghorofa ya nne, kuna vigae, kuna maji ya moto, na hakuna tope.

Aliyepokea simu alikuwa mkamwana wa yule mzee. Majirani walimwita Mama Kamili, si kwamba hakuwa na kasoro, ila hakujua saa nyingine isipokuwa saa kamili: saa moja kamili, saa tisa kamili. Kazi yake ilikuwa kutunza ghala la shule ya bweni, na mtu aliyezoea kuhesabu vijiko mia nne kila Ijumaa huwa hana uvumilivu wa maneno marefu. Alimsikiliza wifi yake hadi mwisho, kisha akamjibu kwamba tope si ugonjwa. Tope linatengenezeka.

“Basi litengeneze,” wifi akasema. “Nikija nikamkuta mama anakwenda mwenyewe hadi getini bila kuteleza, nitarudi na sanduku langu tupu. Nikikuta vinginevyo, wifi yangu, tusigombane.”

Zilikuwa zimebaki wiki nne.

Usidhani mkamwana na mama mkwe walikuwa chanda na pete. Kwa miaka kumi na mitano walikuwa wamebishana juu ya kila kitu kinachobishaniwa na wanawake wawili wenye uwanja mmoja. Nyumba kubwa ilikuwa mbele, karibu na geti. Nyuma yake kulikuwa na nyumba ndogo ya vyumba viwili ya mama mkwe. Kati yao palikuwa na bomba la maji, pipa la kukingia maji ya mvua, nguzo ya kamba ya nguo, na banda la kuku saba ambao yule mzee aliwajua mmoja mmoja kwa tabia. Kila siku saa nne alikwenda getini kukaa kwenye benchi na shoga yake wa nyumba ya jirani, wakawasema watu hadi jua liwafukuze.

Ugomvi wao mkubwa ulikuwa bomba. Lilidondoka mchana na usiku, to, to, to, na Mama Kamili hakupenda kitu kinachopotea bure. Mara tatu alimleta fundi wa mabomba, na mara tatu mama mkwe alimfukuza. Eti liache, linamfurahisha. Mkamwana akasema moyoni kwamba uzee una mambo yake.

Lakini mume wa Mama Kamili alikuwa dereva wa lori, mtu wa kuonekana nyumbani kama mwezi mwandamo, na mabinti wao wawili walikuwa shule ya bweni. Asubuhi nyingi sauti ya kwanza aliyoisikia ilikuwa ule mlango wa nyumba ya nyuma ukifunguka, na yule mzee akiwatukana kuku wake kwa mapenzi. Kwamba bila mlango ule nyumba ingemwelemea, hilo hakuwahi kumwambia mtu. Mambo ya namna hiyo yeye hakuyasema. Aliyatafutia fundi.

Wa kwanza alikuja na gari safi na albamu ya picha. Alikaa barazani, akafungua picha za njia zenye maua ya rangi tatu, akaongea nusu saa bila kushuka ngazi kuikanyaga ardhi yenyewe. Mama Kamili alimuuliza maswali matatu: chini utaweka nini, pembeni utazuia na nini, na maji yataelekea wapi. Yule bwana akamwambia asiwe na wasiwasi. Akamsindikiza getini.

Wa pili alikuwa na haraka kumshinda hata yeye. Alisema atamwaga zege kesho, keshokutwa watu wapite. Mama Kamili akapenda, maana hata yeye mwenyewe alikuwa amewazia zege. Ila alikuwa na sharti: amwoneshe kazi yake iliyokwisha kunyeshewa misimu mitatu. Yule akampeleka kwenye kazi ya mwezi uliopita, nayo ilikuwa na ufa unaoingiza kidole.

Wa tatu alikuja kwa baiskeli, na kwenye usukani alikuwa ametundika ndoo. Mtaani walimwita Fundi Ndoo. Alikuwa mtu wa makamo, mrefu, mkimya, mwenye magoti yaliyosuguliwa na kazi. Aliamkia, akaomba maji, akapewa bilauri. Akasema si ya kunywa. Akajaza ndoo bombani, akaimwaga katikati ya uwanja, akachuchumaa kuyatazama maji yanavyokwenda. Yalipokwisha kunywewa akajaza nyingine, akaimwaga penye kona ya nyumba. Ndoo sita. Mama Kamili alisimama mlangoni, saa mkononi, akijiuliza kama amemwita fundi au amefungua shule ya kutazama madimbwi.

Mwishowe fundi akasema kwamba uwanja wote unamiminikia mlangoni kwa yule mzee, ndiyo maana pana tope. Njia ikijengwa bila kuyageuza maji hayo, watakuwa wamejenga daraja la kwenda ziwani. Kuhusu zege, alitikisa kichwa.

“Zege ni ndoa, mama,” akasema. “Ukikosea, kulivunja ni kelele mtaa mzima. Vitofali ni uchumba. Ukiona havikufai unavinyanyua kimya kimya, unavipanga upya, na hakuna aliyejua.”

Kutoka dirisha la nyumba ndogo kikasikika kicheko cha mama mkwe.

Fundi Ndoo alimpeleka kwenye zahanati aliyoitengenezea ua miaka minane nyuma. Malori ya maji yalikuwa yakiingia hapo kila wiki, na Mama Kamili, aliyeinama akapitisha rula aliyokwenda nayo kwenye mkoba, hakupata mahali palipobonyea. Akamwajiri hapo hapo.

Siku fundi alipokuja kupima, Mama Kamili alimpa mchoro. Alikuwa ameuchora mwenyewe kwenye karatasi ya miraba, kwa penseli iliyochongwa. Njia ya gari kutoka getini hadi ubavuni mwa nyumba kubwa. Na kutoka hapo njia ya miguu, mstari mmoja ulionyooka kama uzi wa fundi cherehani, hadi mlangoni kwa mama mkwe. Pipa lingehamia nyuma ya banda. Nguzo ya nguo ingesogea ukutani. Kila kitu mahali pake.

Fundi aliutazama mchoro muda mrefu.

“Nani hasa anapita hapa?” akauliza.

“Mama. Na mimi.”

“Ningependa kumwona anavyopita.”

“Anapita kama watu wote, kwa miguu,” Mama Kamili akasema. Ilikuwa saa mbili kasoro dakika tano, na ghala lilifunguliwa saa mbili kamili. “Mchoro unao. Anza.”

Fundi akaukunja ule mchoro na kuutia mfukoni. Mteja amesema.

Kazi ilikuwa nzuri, na hilo lazima lisemwe. Walikuja watatu, yeye na ndugu wawili wanaofanana kiasi kwamba Mama Kamili aliwatofautisha kwa kofia. Walichimba hadi wakaupita udongo mweusi, wakatia kifusi, wakakishindilia kwa mashine iliyowatetemesha kuku wakaacha kutaga siku mbili. Juu ya kifusi kokoto, juu ya kokoto mchanga uliochekechwa, na kila tabaka lilishindiliwa peke yake. Ukingoni waliweka mawe marefu, wakayashika kwa zege, vitofali visije vikatawanyika. Kisha wakavuta kamba, wakapanga vitofali, kila kimoja kikigongwa kwa nyundo ya mpira. Njia ilikaa juu kidogo katikati na chini pembeni, kipimo ambacho jicho halikioni ila maji yanakiona. Maji ya uwanja yakapewa mfereji wao, yakatokea nyuma ya banda.

Mama mkwe alikaa ndani siku zote hizo. Alisema vumbi linamkera. Neno moja tu alilouliza lilikuwa kama pipa litahama, na alipoambiwa ndiyo, akasema haya. Jumamosi ya mwisho, kwa kuwa fundi wa mabomba alikuwa mtaani, Mama Kamili alimwita akatia mpira mpya bombani. Uwanja ukawa kimya. Alipiga picha, akamtumia mumewe njiani na wifi yake mjini. Wifi akajibu kwa neno moja: “Tutaona.”

Jumapili mama mkwe hakwenda getini. Alisema kifundo kinauma.

Jumatatu kulipambazuka na manyunyu. Mama Kamili alikuwa jikoni, anakoroga uji, dirisha likiangalia nyuma. Aliuona mlango wa nyumba ndogo ukifunguka, na mama mkwe akitoka na bakuli la pumba za kuku. Akasimama kizingitini. Akashusha mguu mmoja juu ya vitofali, akavipapasa kwa kandambili, akaurudisha. Kisha akafanya kitu kilichomfanya mkamwana aache mwiko ndani ya sufuria. Akaiacha njia. Akashuka pembeni, kwenye tope, akahesabu midomo ikicheza, hatua tisa, akanyoosha mkono wa kushoto.

Hapo ndipo lilipokuwa pipa.

Mkono ulikaa hewani. Ukashuka kidogo, ukapanda, ukaenda kulia. Yule mzee akageuza kichwa kama mtu anayesikiliza redio iliyozimika. Hakukuwa na to, to, to. Alikuwa amesimama katikati ya uwanja wake mwenyewe, alioufagia miaka arobaini, na hakujua aelekee wapi.

Mama Kamili alitoka. Alitembea juu ya vitofali vyake vizuri, visivyo na sauti, hadi zikabaki hatua nne kati yao. Kulikuwa kumeshapambazuka kabisa.

“Nani?” mama mkwe akauliza.

Mtu akiwa na haraka maisha yake yote, kuna neno moja litamsimamisha. Kwa Mama Kamili lilikuwa lile.

“Ni mimi, Mama.”

“Nilijua ni wewe.”

“Hukujua.” Akamshika mkono uliokuwa hewani, akaushusha. “Tangu lini?”

“Tangu lini nini?”

“Macho, Mama.”

Manyunyu yaliendelea. Kuku walikuja, wakaanza kudonoa bakuli mikononi mwake, wala hakuwafukuza.

“Mnasema nyumba kubwa mmeipaka rangi ya njano,” akasema mwishowe. “Mimi sikuwahi kuiona njano hiyo.”

Rangi ile ilikuwa na miaka miwili. Mama Kamili akapiga hesabu kichwani, maana ndiyo kazi aliyoijua, na kila kitu kikajipanga mahali pake bila rula. Bomba lisilotakiwa kutengenezwa. Pipa. Nguzo ya nguo, ambayo yule mzee hupita akiigusa kwa vidole viwili kama anaiamkia. Hatua tisa hadi kwenye pipa, kisha sikio lifuate bomba, kisha nguzo, kisha ukuta hadi getini. Miaka miwili alikuwa amekaa naye uwanja mmoja, akimwambia kila jioni kwamba hana akili ya kutunza maji, na hakuona. Aliyekuwa hana macho alikuwa nani?

“Ulianguka kwa sababu ya tope, au kwa sababu ya macho?”

“Tope,” mama mkwe akajibu bila kusita. “Macho hayajaniangusha hata siku moja. Naujua uwanja huu kuliko mnavyoujua ninyi wenye macho.” Kisha sauti yake ikapungua. “Ukimwambia wifi yako, akija Jumapili nalala ghorofani. Kule sijui hata mlango uko upande gani. Nitakaa kwenye kiti kama mzigo uliosahauliwa stesheni, hadi nife.”

“Sitamwambia,” Mama Kamili akasema. “Utamwambia wewe.”

“Mimi?”

“Wewe. Uongo sipiki, na wala sipakui. Lakini hadi Jumapili kuna siku sita.”

Alizigawa siku hizo kama anavyogawa mchele wa shule. Siku hiyo hiyo aliomba ruhusa kazini, akampeleka mama mkwe hospitali ya macho. Walikaa foleni hadi alasiri. Daktari, mwanamke kijana mwenye sauti ya upole, alisema ni presha ya macho. Kilichokwisha kupotea hakirudi, lakini kilichobaki, ule mwanga kidogo na vivuli, kinaweza kulindwa kwa dawa ya matone asubuhi na jioni bila kukosa. Njiani kurudi Mama Kamili alimgombeza mkwewe kituo hadi kituo. Angesema miaka miwili nyuma wangelinda mengi. Mama mkwe alisikiliza, akakubali kwamba ni kweli, akaomba sasa anyamaziwe kidogo. Akanyamaziwa.

Jumanne Fundi Ndoo aliitwa. Alikuja na ndoo yake, akaegemeza baiskeli, akaitazama njia yake kwa macho ya mzazi aliyeitwa shuleni.

“Imebonyea?”

“Haijabonyea. Imenyooka mno.” “Uliniuliza nani anapita. Nilikujibu vibaya.”

Akamweleza. Fundi hakumwambia “nilisema mimi.” Aliutoa ule mchoro mfukoni, umeshachakaa, akamrudishia, akamwendea mama mkwe, akamwamkia, akamwomba atembee kama alivyokuwa akitembea zamani. Yule mzee akasema atatembeaje na vitu vyake vimehamishwa? Basi Mama Kamili mwenyewe akalivingirisha pipa, jasho likimtoka, akaelekezwa kama mpagazi: kushoto kidogo, hapana, umepitiliza, hapo. Nguzo ikarudi kwenye shimo lake.

Likabaki bomba. Mama Kamili aliliendea, akalitazama. Mtu aliyepigania jambo miaka miwili, akalishinda, akaambiwa alitengue kwa mkono wake mwenyewe. Akalilegeza robo mzunguko. To. Kimya. To, to. Aliyaona mabega ya mama mkwe yakishuka kama mtu aliyetua mzigo. Akaenda ndani, akaleta beseni la bati, akaliweka chini yake. Angalau kuku wanywe. Na juu ya bati sauti ikawa na nguvu mara mbili.

“Hapo sasa umetumia akili,” mama mkwe akasema.

Akatembea. Fundi alimfuata nyuma na kopo la chokaa, akiinyunyiza kila unyayo ulipokanyaga. Alipofika kwenye njia ya gari, nyuma yake kulikuwa na mstari mweupe uliozunguka kama nyoka aliyeshiba, ukipita kwenye pipa, ukalenga bomba, ukakwepa kitu ambacho hakuna aliyekiona.

“Hapa mbona umezunguka, Mama?” Mama Kamili akauliza.

“Palikuwa na kisiki.”

“Kisiki kiling'olewa kabla sijaolewa.”

“Miguu yangu haikuambiwa.”

Wale ndugu wawili walicheka hadi mwenye kofia nyekundu akakaa chini. Fundi peke yake hakucheka. Akasema kisiki kitaheshimiwa.

Njia ya gari haikuguswa, ilikuwa sawa. Kwenye njia ya miguu walivunja zege la ukingoni tu. Vitofali vyenyewe vilitoka kama meno ya utoto, kimoja kimoja, vizima, vikapangwa rundo. Wakachimba upya, kifusi, kokoto, mchanga, mashine. Kuku wakaacha kutaga tena. Penye kila kona, kabla ya njia kugeuka, fundi alipanga mstari mmoja wa vitofali vya kukwaruza, vilivyolazwa kukingama na vingine na kuinuliwa unene wa sarafu, ili mguu ujue kabla ya mtu kufikiri. Mstari mmoja, pipa linakuja. Miwili, bomba. Mitatu, umefika njia ya gari, fuata ukingo hadi getini.

Mama mkwe aligeuka mkaguzi. Kila jioni alipita na kandambili, akapita tena peku, akisimama na kugonga kwa kisigino.

“Hiki kinacheza,” alisema Alhamisi.

Fundi akapiga magoti, akakigonga kwa nyundo, akaweka juu yake kipimo. Hakuona kitu. Akakinyanyua. Chini yake, katikati ya mchanga, kulikuwa na kokoto moja ndogo kama punje ya mahindi.

“Bibi,” akasema, akiwa bado magotini, “ukitaka kazi, niambie.”

“Wewe huna hela ya kunilipa,” mama mkwe akajibu, akaendelea na ukaguzi.

Ijumaa jioni walifagilia mchanga kwenye viungo, wakashindilia mara ya mwisho. Usiku huo mvua ilinyesha ya kweli. Asubuhi Mama Kamili alitoka na rula yake, akaiweka chini, akainua kichwa. Kwenye mlango wa nyumba ndogo hapakuwa na tope, na yule mzee alikuwa tayari getini, kwenye benchi, akimsimulia shoga yake habari za daktari. Hakuna aliyemshika mkono. Mama Kamili akairudisha rula ndani.

Jumapili, saa nne kamili, gari la wifi lilipiga honi. Mama mkwe alitoka kwake, amevaa khanga safi kichwani, akaja peke yake njia nzima, akafungua geti. Wifi alishuka, akamkumbatia mama yake, akatoa sanduku kwenye buti. Lilikuwa kubwa, la magurudumu, na lilivyobingirika wepesi ulijua ni tupu. Akalisimamisha pale njia ya miguu inapoanzia, penye mistari mitatu, akaweka mikono kiunoni.

“Wifi, mbona imepinda hivi? Fundi alikuwa amelewa?”

“Fundi alikuwa mzima,” Mama Kamili akasema. Akamtazama mama mkwe. Wakati wake wa kusema haukuwa huo.

Mama mkwe, aliyekwisha kutangulia hatua mbili kwenye njia ya miguu, alisimama akichezea pindo la khanga.

“Mwanangu,” akasema, “leo umevaa rangi gani?”

“Kijani, Mama. Si unaona.”

“Sioni.”

Akamweleza yote, kwa maneno machache, kama mtu anayetoa miiba mguuni: rangi ya njano, pipa, bomba, matone asubuhi na jioni. Wifi alilia. Alikuwa mkali, lakini hakuwa na moyo mgumu. Kisha akamgeukia mkamwana wa nyumba.

“Na wewe ulijua?”

“Tangu Jumatatu.”

“Ukanyamaza.”

“Nilimwachia aseme mwenyewe. Asingesema, ningesema mimi kabla hujaketi.”

Wifi alifuta uso kwa kiganja. Akasema basi hapo ndipo penye sababu zaidi ya kumchukua. Mtu haoni, analala peke yake nyumba ya nyuma, mlango wake, jiko lake, kuku wake. Watu watasema nini? Mama Kamili alimjibu kwamba matone anamtia yeye, saa moja asubuhi kamili na saa moja usiku kamili, na daftari lipo. Kuhusu watu, waseme tu. Hata mama huwasema kila siku saa nne.

Mama mkwe hakubembeleza. Alisema wanaongea na koo kavu, ngoja alete chai, iko jikoni kwake imeshaiva. Akageuka, akashika njia. Wifi alinyoosha mkono kumzuia, na Mama Kamili akaushika ule mkono.

“Mwangalie kwanza.”

Wakamwangalia. Alikwenda bila haraka. Miguu yake ilikutana na mistari miwili, kichwa kikaelekea bomba, to, to, to kwenye bati. Akazunguka kisiki kisichokuwepo. Kwenye mstari mmoja mkono wa kulia ulitoka wenyewe, vidole viwili vikaligusa pipa, vikaliacha. Hatua tisa, mlango. Alisikika ndani akimfukuza kuku mezani.

Wifi alivua viatu vyake virefu, akavishika mkononi, akaipapasa mistari ya vitofali kwa nyayo, mmoja baada ya mwingine, macho yake yakiwa kwenye mlango wa nyumba ndogo.

Mlango ukafunguka. Mama mkwe alitoka na sinia, vikombe vitatu, mvuke ukipanda. Akalipita pipa kwa kiwiko, akapita kisiki, akapita bomba. Alikuja na uso wa mtu anayejua kila kilichopo mbele yake. Na mbele yake, juu ya mistari mitatu, lilikuwa limesimama sanduku.

Mama Kamili alifungua mdomo. Lakini wifi alikuwa ameshatoka, peku, vikombe vikiwa vimebakiza hatua tatu. Alilinyakua sanduku kwa mikono miwili, akalitoa njiani, akabaki amelikumbatia ukingoni, anahema.

Mama mkwe akasimama. Chai haikumwagika.

“Nani huyo?”

“Mimi, Mama,” wifi akasema. “Nilikuwa naondoa kitu njiani.”

“Basi kitie garini kabisa,” mama mkwe akasema, “tusije tukajikwaa. Chai inapoa.”